Gari ya rimoti ya zamani iliposhindana na za kisasa: bei tuliipata uwanjani

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi wetu tukiikuta kwenye mzigo wa mtumba kutoka Japani tunaitupia kwenye kapu la "chagua elfu tano". Gari ya rimoti ya zamani.

Mimi nauza vifaa vya umeme na midoli iliyotumika. Fremu yangu ni ndogo, ipo hapa Dar, ila wateja karibu wote wanatokea status na Instagram. Kuna siku nikapata Tamiya Hornet moja. Haina boksi, haina rimoti, betri imevuja hadi imeota ukungu wa kijani. Nikaichukua kwa 40,000. Kuifufua ikala kama 120,000 nyingine, halafu nikaiposti kwa 350,000.

Aisee, comment zilizokuja! "Kwa hela hiyo si nachukua mpya yenye brashilesi?" "Kaka hiyo ni ya makumbusho." Akaja kaka mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia: "Mdogo wangu, tusibishane. Jumapili madogo wanakimbiza magari yao uwanjani. Ilete. Isipotoka ya mwisho nalipa bei yako. Ikitoka ya mwisho unanipa kwa laki moja."

Piga hesabu mwenyewe. Laki moja maana yake napoteza elfu sitini, na kodi ya fremu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Nikakubali, ila kwa sharti: raundi mbili, moja kwenye udongo mgumu pembeni ya uwanja, nyingine golini kwenye mchanga. Ikikwepa mkia hata raundi moja, nimeshinda. Akakubali bila kuuliza kwa nini. Angeuliza ningemwambia.

Sababu ni hii. Hornet ilitoka 1984, imetengenezwa na Tamiya wa Shizuoka, Japani. Mota yake, ile ya saizi ya 540, imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo uzito umelalia matairi yanayosukuma. Magari mengi ya mashindano ya leo yanayosukumwa na matairi mawili yana mota iliyosogezwa mbele ya ekseli, maana siku hizi huko nje watu wanakimbizia sana kwenye zulia na nyasi bandia, sehemu zinazoshika. Pakishika, gari ya hivyo inakata kona kama kisu. Kwenye mchanga mlaini matairi ya nyuma yanakosa uzito, yanazunguka bure. Ukiongeza na mota ya brashilesi, yaani isiyo na brashi za kaboni ndani, ambayo ina nguvu nyingi mno kwa dereva mgeni, umeshaelewa nilichokuwa nakiwinda.

Lakini nisiisifie kupita kiasi. Nyuma kwenye Hornet mota, giya na ekseli vimefungwa pamoja na vinapanda na kushuka kama kipande kimoja. Tairi la kushoto likikanyaga jiwe, la kulia nalo linapata habari. Kwenye mashimo inarukaruka kama chura. Na hata enzi hizo haikuwa mfalme wa mashindano. Mwaka huohuo wa 1984 kule Marekani kampuni ya Associated ilitoa RC10, iliyobuniwa na Roger Curtis, yenye chasisi ya alumini na shokapu za mafuta kwa kila tairi. Mwaka 1985 Jay Halsey akachukua nayo ubingwa wa dunia kule Del Mar, California. Kwa hiyo mteja akikwambia "nataka ya zamani", muulize ya zamani ipi. Kuna iliyozaliwa kushindana na kuna iliyozaliwa kumfurahisha mtoto Jumapili. Hornet ipo katikati, mimi naiweka karibu zaidi na mtoto.

Sasa nilichoigusa na nilichoiacha. Mwanzoni ilikuwa na kile kidude cha kubadilisha mwendo kinachosukumwa na mkono wa sevo, spidi zake zinaenda kwa ngazi na kuna kizuizi kinachochemka. Nikakitoa, nikafunga kidhibiti kidogo cha kielektroniki. Bushi za matairi nikaweka beringi, hapo ndipo hela inaonekana kuliko popote, gari inateleza yenyewe ukiisukuma kwa kidole. Rimoti nikaweka ya masafa ya 2.4. Zile za zamani za 27 mlikuwa mnapangiana chaneli kwa vioo, watu wawili wakiwa na kioo kimoja magari yanagombana. Mota sikuigusa.

Betri nikaweka ya nikeli, ya volti 7.2. Wengi wanakimbilia lipo. Ukiweka lipo kwenye gari yenye kidhibiti cha zamani hakuna kitu cha kuikata chaji ikishuka, inashuka hadi inakufa, na lipo iliyoumia ikivimba ni hatari ndani ya duka. Ukimuuzia mteja gari ya hivyo, mwambie kabla hajaondoka.

Na vitu vyote nilivyovitoa nikavifunga kwenye mfuko wa zipu. Msitupe! Mnunuzi wa vitu vya zamani anataka vya asili hata kama havifungi.

Jumapili tukafika. Tumepanga matairi mabovu na chupa, raundi ni dakika 5, anayepata mizunguko mingi ndiye mshindi. Magari manne: yangu, mawili ya brashilesi yanayosukumwa nyuma, na moja ya dogo fulani inayosukumwa na matairi yote manne.

Udongo mgumu tulichapwa, bwana. Kwenye mnyoofu walikuwa wananipita kama nimepaki. Ile ya matairi manne ilimaliza mizunguko 17, wengine 15 na 14, mimi 12. Vijana wakaanza kuimba. Yule kaka akaniangalia tu, akatoa simu, nahisi alikuwa anaangalia salio.

Mchangani ikawa habari nyingine. Gari ya matairi manne iliondoka kama kawaida, sikuihangaikia. Hizi mbili nyingine zikitoka kona tu dereva anakandamiza, nyuma inazunguka, gari inaangalia ilikotoka. Moja ikapinduka mara nne nilizohesabu, na kila ikipinduka lazima mtu akimbie akaisimamishe. Nyingine dakika ya tatu kidhibiti kikachemka kikajizima, ikabaki imekaa na mizunguko yake sita. Mimi nilikuwa natoa mafuta kabla ya kila tuta ili nyuma isiruke, nachukua kona pana, taratibu. Madereva wa miaka ile walilazimika kuendesha kwa hesabu hata kama hawataki: betri ya miliampia 1200 ukitaka idumu dakika 5, wastani wako wa matumizi usizidi ampia 14.4. Anayekandamiza muda wote anazimika kabla ya filimbi. Mimi betri yangu ni ya 3000, ila mkono nimeuacha wa 1200.

Matokeo: matairi manne 14, Hornet 11, iliyopinduka 10, iliyochemka 6. Nafasi ya pili.

Yule kaka akaja na hela mkononi. Hapo nikamsimamisha, maana kuna jambo hata kwenye posti nililiandika ila najua watu hawasomi maelezo. Tamiya aliirudisha Hornet sokoni 2004. Hii yangu haina boksi wala risiti, kwa hiyo siwezi kuapa kama ni ya 1984 au ni ya toleo la kurudiwa. Hata ukikuta mwaka umechorwa kwenye plastiki, huo unaweza kuwa mwaka wa kalibu, na kalibu moja hutumika miaka mingi. Akauliza, "Sasa unaniambia ili nighairi?" Nikamwambia namwambia ili asije kuambiwa na mtu mwingine. Akafikiria, akasema toa ishirini. Tukaishia 330,000, na mfuko wa zipu juu yake.

Video ya raundi ya pili niliiweka status jioni ileile, sekunde 28, bila muziki, mlio wa giya tu. Waliouliza bei usiku ule ni wengi kuliko picha zote nilizowahi kuiposti gari hiyo ikiwa imesimama mezani. Wawili wana magari ya zamani nyumbani, wanataka nifufue. Kule kurudishwa sokoni ndiko kunakonisaidia hapa, maana vipuri vipya vinapatikana na fundi hana haja ya kuchonga.

Yule kaka sasa anataka matairi ya nyuma ya miiba, ya kwake yameisha meno. Mwenye mzigo wa hayo aje inbox, asiniandikie "bei" kwenye comment.