Je, Wajua? Hata Mla Mafuta Hukosa Hamu

Lundo la samadi nyuma ya zizi linamfundisha mkulima jambo ambalo wahandisi walilijua kwa gharama kubwa. Likikauka, halioi, utakuta bua la mahindi la mwaka juzi liko vilevile. Likilowa kupita kiasi, linanuka mtaa mzima. Likigeuzwa kwa jembe na kunyunyiziwa maji ya kiasi, siku chache baadaye ukichomeka fimbo ndani yake inatoka ya moto. Bakteria wamo katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni hewa na maji.

Kwa hiyo kila ninaposoma habari za "bakteria wanaokula mafuta" au "bakteria wanaokula plastiki", nauliza swali la mkulima: wanakula wakiwa wapi?

Je, wajua kwamba bakteria mla mafuta aliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani? Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa mwajiriwa wa General Electric, alimpa bakteria mmoja wa jamii ya Pseudomonas uwezo wa kumeng'enya viambato kadhaa vya mafuta ghafi kwa pamoja. Ofisi ya hataza ilikataa kumsajilia uvumbuzi huo, ikisema kiumbe hai hakina hataza. Tarehe 16 Juni 1980 majaji watano kwa wanne walimpa ushindi. Hukumu ile ilifungua milango ya biashara ya bioteknolojia. Mafuta yanayomwagika baharini hayakuguswa nayo sana, kwani bahari haikuwa na upungufu wa walaji.

Walaji wapo tangu zamani. Mmoja anaitwa Alcanivorax borkumensis, jina alilopewa mwaka 1998 kwa heshima ya kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini. Karibu chakula chake chote ni aina moja ya viambato vya mafuta. Katika maji safi ni nadra kumwona. Mafuta yakimwagika huzaana haraka mpaka akawazidi majirani zake wote kwa idadi, lakini kwa sharti moja: nitrojeni na fosforasi ziwepo.

Sharti hilo ndilo lililoonekana wazi kule Alaska. Dakika chache baada ya saa sita usiku, tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh na kumwaga lita zipatazo milioni 41 za mafuta ghafi. Wasafishaji walianza na mabomba ya maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Mawe yalitakata, lakini maji hayo yaliua pia viumbe wadogo waliokuwa wamenusurika mafuta. (Kufua nguo hadi ichanike, kwa maneno mengine.)

Ndipo wanasayansi wa shirika la serikali la mazingira wakajaribu mbolea. Mafuta ghafi, kwa bakteria, ni sinia la ugali bila mboga: kaboni tele, nitrojeni na fosforasi karibu hakuna. Kanuni ya jumla ni kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni, bakteria anahitaji kama sehemu 10 za nitrojeni na moja ya fosforasi. Kumwaga mbolea ya kawaida ufukweni hakufai, maana wimbi la kwanza linaondoka nayo. Walitumia basi mbolea iliyotengenezwa ili ishikamane na mafuta. Wiki mbili tatu baadaye, kipande walichokinyunyizia kilionekana kutoka angani kama dirisha jeupe katikati ya ufukwe mweusi. Hawakuleta bakteria hata mmoja. Waliwapelekea mboga tu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini mwaka 2001 watafiti walichimba mashimo katika fukwe zilezile wakakuta mafuta chini ya kokoto, miaka 12 baada ya ajali. Mwaka 2010 Michel Boufadel na mwenzake walieleza sababu: fukwe hizo zina matabaka mawili. La juu linapitisha maji kwa urahisi, nalo lilisafika. La chini limeshikana, maji yanapita polepole mno, na oksijeni inaisha kabla ya kufika. Mafuta yaliyopenya humo hukaa karibu jinsi yalivyoingia. Bakteria wapo palepale, wamekaa juu ya chakula wasichoweza kukila kwa kukosa pumzi.

Baridi, je? Kwa kawaida joto likishuka kwa nyuzi 10, kazi ya bakteria hupungua takriban nusu. Ndiyo maana wengi walihofu mtambo wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11. Kisima kilivuja kwa siku 87, kwenye kina cha mita zipatazo 1,500. Wingu la matone madogo ya mafuta lilitanda kwenye kina cha mita kama 1,100, ambako maji yana nyuzi 5 hivi, baridi ya jokofu. Terry Hazen na wenzake walipochota maji hayo walikuta kundi la bakteria waitwao Oceanospirillales wameongezeka mno na wanakula. Sakafu ya ghuba ile huvujisha mafuta yenyewe, kidogokidogo, tangu enzi na enzi. Wakazi wake wamezoea mafuta na wamezoea baridi. Kanuni ya nyuzi 10 inamhusu mgeni zaidi kuliko mwenyeji.

Huko Kuwait tatizo lilikuwa kinyume. Vita vya Ghuba vya 1991 viliacha visima zaidi ya 600 vikiwaka na maziwa ya mafuta yakituama jangwani. Joto lilikuwepo la kutosha na kuzidi. Kilichokosekana kilikuwa maji. Mchanga mkavu ni jela kwa bakteria. Hata hivyo Samir Radwan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kuwait waliona mimea ya jangwani, mmojawapo Senecio glaucus, ikiota katika mchanga uliochafuliwa. Walipoing'oa, mizizi ilitoka safi, myeupe, na mchanga ulioizunguka ulikuwa umejaa bakteria walao mafuta. Mzizi huwapa bakteria unyevu na chakula kinachochuruzika kutoka kwenye mmea, nao huusafishia makazi. Walichapisha habari hizo katika jarida la Nature mwaka 1995, na mpaka leo ndio ugunduzi ninaoupenda kuliko wote katika fani hii, kwa sababu mtu yeyote mwenye macho na subira ya kung'oa gugu angeweza kuuanza.

Afrika ina somo chungu zaidi. Katika Ogoni, kwenye delta ya Niger, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti mwaka 2011. Eneo la Ejama-Ebubu, ambako mafuta yalimwagika mwaka 1970, lilikuwa bado limechafuka vibaya miaka 40 baadaye, licha ya kusafishwa mara kadhaa. Nchi ya joto, mvua tele, bakteria chungu nzima: kilikosekana nini tena? Njia iliyotumika sana huko ilikuwa kuulima udongo uliochafuka, kuutia mbolea na kuupanga matuta ili hewa ipite. Kwenye karatasi ni njia nzuri, na ni ileile ya lundo la samadi. Lakini wapimaji walikuta mafuta yamezama mita 5 na zaidi katika sehemu nyingi, na mvua hiyohiyo ilikuwa ikisafirisha uchafu kutoka kwenye matuta kwenda kwenye mito na mashamba ya jirani. Jembe halifiki mita 5. Aliyetangaza eneo limepona alikuwa amepima gamba.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani oksijeni ni dawa ya kila kitu. Hapana. Kemikali zinazotumiwa na madobi wa nguo zisizofuliwa kwa maji zina klorini nyingi, na zikizama hadi kwenye maji ya ardhini hukaa miongo. Bakteria anayeweza kuzivua klorini yote ni Dehalococcoides, na kwake oksijeni ni sumu. Wasafishaji humdungia chini ya ardhi molasi au mafuta ya soya. Bakteria wengine hula karamu hiyo, humaliza oksijeni yote, na hapo ndipo yeye huanza kazi. Asipokuwepo, kazi huishia njiani kwenye vinili kloraidi, ambayo husababisha saratani na ni mbaya kuliko uchafu wa mwanzo.

Na je, wajua kwamba kuna waliojaribu kunasa urani kwa kutumia chumvi ya asidi ya siki? Karibu na mji wa Rifle, jimbo la Colorado, palipokuwa na kiwanda cha kuchakata madini, watafiti walidunga asetati kwenye maji ya ardhini. Bakteria wa jamii ya Geobacter walistawi, wakaibadili urani iliyoyeyuka kuwa chembe zisizoyeyuka, na kiwango chake majini kikashuka. Wiki kadhaa baadaye jamii nyingine ya bakteria ilichukua nafasi yao na urani ikapanda tena. Haitoshi kuandaa karamu. Lazima ulinde mlango.

Karibu na nyumbani, mabwawa ya majitaka ya Nairobi yaliyoko Ruai hufanya kazi kwa kupanga mazingira tofauti kwa zamu. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa. Humo tope huozea chini na kutoa methani. Yanayofuata ni ya kina kifupi, yenye rangi ya kijani. Kijani hicho ni mwani, ambao mchana hutengeneza oksijeni kwa jua na kuwapa bakteria wanaomalizia uchafu, bila pampu wala bili ya umeme. Jua hilohilo huua vijidudu vingi vya magonjwa. Nchi za baridi zinatuonea wivu kwa hili, ingawa hazisemi.

Usiku mambo hugeuka. Mwani nao huvuta oksijeni kama kila mtu, na alfajiri bwawa huwa limebaki na kidogo sana. Fundi anayepima saa tisa alasiri na anayepima saa kumi na moja alfajiri wanaweza kurudi maabara na vipimo vya maji ya bwawa moja, wakabishana kutwa kwamba mmoja wao amekosea njia.