SANDUKU LENYE KUFULI NA SHERIA YA WIZI

Katika mtaa wa Buruburu, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, kufuli ni mlinzi wa kila nyumba. Mtaa huo ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, ukajengwa kwa awamu 5. Baadaye wenye nyumba wengi wakaongeza vyumba vya kupangisha. Penye wapangaji wengi, lango moja huwa la watu wengi. Kwa hiyo mali ya mtu hukaa katika sanduku la bati, au katika mtoto wa meza, na ufunguo hukaa mfukoni.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu afunguaye sanduku la mwenziwe na kutwaa shilingi 200, kosa lake ni sawasawa na la yule aliyezichukua juu ya meza. Sivyo hata kidogo.

Tangu mwaka 1897 hadi 1930 Kenya ilitumia Sheria ya Adhabu ya Bara Hindi, iliyotungwa mwaka 1860. Kwa kifungu cha 461 cha sheria hiyo, kuvunja kwa nia mbaya chombo kilichofungwa chenye mali kulikuwa kosa peke yake, hata kama mkosaji hakutwaa kitu. Adhabu yake haikuzidi kifungo cha miaka 2. Na aliyekabidhiwa chombo hicho akitunze, miaka 3.

Mwaka 1930 Kenya ilipata Sheria yake ya Adhabu, ambayo sasa ni Sura ya 63. Humo, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Mtumishi amwibiaye bwana wake aweza kufungwa hadi miaka 7. Lakini kifungu cha 279 chasema kwamba mwizi ambaye, ili apate kuiba, amefungua chumba, sanduku, gari au chombo kinginecho kilichofungwa, kwa ufunguo au kwa kifaa kingine, aweza kufungwa hadi miaka 14. Hakimu ndiye apimaye kiasi cha adhabu, ila kisizidi mpaka huo.

Tuseme mama mmoja ni mweka hazina wa chama, na fedha za wenziwe zimo sandukuni. Jirani auona ufunguo uliosahauliwa dirishani, afungua sanduku polepole, atwaa fedha, kisha afunga tena. Akishikwa ajitetea, “Sikuvunja kitu.” Utetezi huo haumfai, kwa kuwa sheria yataja ufunguo waziwazi. Na kama angalikamatwa kabla ya kutwaa chochote, angalishtakiwa kwa kujaribu kuiba, ambako adhabu yake ni nusu.

Basi aliyeibiwa yampasa afanye nini? Kwanza, asiliguse kufuli wala kulitupa, kwani ndilo kielelezo mahakamani. Pili, aende upesi kituo cha polisi, aeleze wazi kwamba sanduku lilikuwa limefungwa, na apewe nambari ya kitabu cha matukio. Jambo hilo lisipoandikwa katika hati ya mashtaka na kuthibitishwa, mshtakiwa aweza kuhukumiwa kwa wizi wa kawaida tu. Tatu, awe na orodha ya vitu vyake, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Naye anunuaye vitu vya wizi hali akijua, asijione salama: kifungo chake chaweza kufika miaka 14 vilevile.

Lililo baya kuliko yote ni kelele za “Mwizi!” na mawe ya umati. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya mahakama ifuatayo, na ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Mahakama ya Makadara, katika barabara ya Jogoo, haiko mbali na Buruburu. Sanduku lililovunjwa fundi aweza kulitengeneza. Mtu aliyeuawa bure hakuna wa kumrudisha, na wale waliomwua watasimama kizimbani kwa kosa kubwa kuliko lake.