Raba Inapoachia Mlango: Vumbi, Mvua na Magari ya Isongole

Isongole, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, ni mji mdogo wa mpakani ambako barabara itokayo Mpemba, jirani na Tunduma, huvuka kuingia Malawi kuelekea Chitipa. Njia hiyo ya takribani kilomita 50 ilikuwa kwa miaka mingi ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua, na ingawa sasa imetiwa lami, barabara nyingi zinazochepuka kwenda vijijini zimebaki za udongo. Magari yanayozitumia, pamoja na yale ya IT, yaani ya safarini, yanayopitishwa Tunduma kwenda nchi za jirani, kwa sehemu kubwa ni yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo mengi huwafikia wamiliki wapya yakiwa na umri wa miaka kumi au zaidi. Injini hukaguliwa, gia hujaribiwa, matairi hupigwa teke, lakini ni wanunuzi wachache wanaopitisha kidole kwenye mpira mweusi unaozunguka fremu ya mlango, ule ambao mafundi huuita raba, ingawa ndio unaoamua kama vumbi, maji na moshi vitabaki nje.

Raba ya mlango ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni bomba laini la mpira wa sponji, lenye uwazi ndani, ambalo mlango hulibonyeza unapofungwa nalo likasukuma kurudi, na msukumo huo wa kurudi ndio unaoziba nafasi kati ya mlango na bodi. Ya pili ni mdomo wa mpira mgumu zaidi, wenye uti wa chuma chembamba ndani yake, unaong'ata ukingo wa bati la bodi ili bomba lisihame mahali pake. Katika baadhi ya magari raba hushikwa kwa vibanio vidogo vya plastiki au kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, na tofauti hiyo ni ya msingi, kwa sababu raba iliyong'atwa huachia kwa sababu moja na iliyogundishwa huachia kwa sababu nyingine.

Wengi hudhani kwamba raba huachia kwa sababu mpira umeoza. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli zamani, raba zilipotengenezwa kwa mpira wa asili uliopikwa kwa salfa kwa njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Molekuli za mpira wa asili ni minyororo mirefu ya kaboni ambayo ndani ya uti wake mna vifungo maradufu, yaani mahali ambapo atomu mbili za kaboni zimeshikana mara mbili, na vifungo hivyo hushambuliwa na ozoni, gesi ya oksijeni yenye atomu tatu, ambayo hata ikiwa kidogo sana hewani huukata mnyororo na kuacha nyufa palipovutwa. Raba za magari ya leo kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao EPDM, ulioanza kuuzwa miaka ya 1960, ambao uti wa mnyororo wake hauna vifungo maradufu kabisa. Vichache vilivyomo, vinavyohitajika ili salfa ipate pa kushika, vimewekwa pembeni, hivyo hata vikishambuliwa mnyororo haukatiki. Rangi yake nyeusi hutokana na masizi laini yanayochanganywa humo ili kuupa nguvu na kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana ambayo huvunja vifungo vya kemikali. Kinga hiyo ina thamani ya pekee katika nyanda za juu, kwa kuwa mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Tunduma uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Kwa hiyo mpira wenyewe mara nyingi si wa kwanza kushindwa. Kinachoisha mapema ni nguvu yake ya kurudi. Mlango wa gari hukaa umefungwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sponji iliyobonyezwa kwa miaka, hasa katika joto la bati la gari lililoegeshwa juani ambalo huweza kupita nyuzi 60 za Selisiasi, hujenga vifungo vipya kati ya minyororo yake ikiwa katika umbo hilo hilo la kubonyea, hata mlango ukifunguliwa hairudi tena kimo chake cha awali. Wanasayansi hupima upotevu huo kama mbonyeo wa kudumu, yaani asilimia ya mgandamizo ambayo mpira haukuirudisha, na raba iliyofikia hali hiyo hufanana na godoro la sponji lililobonyea upande mmoja: halijachanika popote, lakini halimwinui tena mlalaji.

Jambo la pili ni kusinyaa. EPDM huchanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha, na kadiri miaka inavyopita mafuta hayo hutoka taratibu, raba ikafupika. Pamoja na hayo, mpira hutanuka na kunywea kwa joto na baridi zaidi ya mara kumi kuliko chuma: katika mzunguko wa mlango wenye urefu wa mita tatu na nusu, tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri ya Julai na bati la mchana ingeweza kurefusha mpira usiofungwa kwa takribani sentimita mbili, wakati bati lenyewe hurefuka kwa chini ya milimita mbili. Uti wa chuma ulio ndani ya raba huzuia sehemu kubwa ya mwendo huo, ila mvutano haupotei. Hujikusanya mahali ambapo raba hupinda. Ndiyo maana raba huanza kubanduka kwenye kona za juu za mlango, ikivutwa kukata kona kwa njia ya mkato, na ndiyo maana fundi anayeirudisha kwenye kona bila kuilegeza pande za chini huikuta imechomoka tena baada ya muda mfupi. Dawa ni kuichomoa yote, kuanza kuirudisha kwenye kona kwa kuisukuma ndani badala ya kuivuta, kisha kumalizia sehemu zilizonyooka, na kuacha upungufu wowote uangukie kwenye kiungo cha chini ambako ni rahisi kujazia kipande. Ikiwa mdomo umepanuka, hubanwa polepole kwa koleo. Ikiwa ukingo wa bati umepinda kwa ajali au umeliwa na kutu, hakuna raba mpya itakayoshika hadi bati linyooshwe.

Vumbi huingia katika habari hii kwa njia mbili. Chembe zake zilizo ngumu husaga uso wa mpira kila mlango unapotikisika kwenye mashimo, na zikiingia ndani ya mdomo unaong'ata bati hupunguza mshiko. Njia ya pili ni ya fizikia ya hewa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hewa inayopita ubavuni kwa kasi huwa na kani-eneo ndogo kuliko hewa iliyotulia ndani, na tofauti hiyo huweza kukaribia paskali 250, ambazo kwenye mlango wenye eneo la mita moja ya mraba ni sawa na mzigo wa kilo 25 unaosukuma kutoka ndani kwenda nje. Mlango huachana kidogo na raba, na raba iliyokwisha kubonyea haina tena uwezo wa kuufuata. Nyuma ya gari hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hewa huzunguka hapo katika wingu la kani-eneo ndogo linalobeba vumbi lililoinuliwa na magurudumu, na abiria wa mbele wakifungua vioo hewa ya ndani hutolewa kwa kasi na nafasi yake huchukuliwa na vumbi linalopenya kwenye mlango wa nyuma. Kwenye barabara ya vumbi, kufunga vioo vyote na kuwasha feni ikivuta hewa ya nje hupandisha kani-eneo ya ndani, na hatua hiyo isiyogharimu chochote husaidia hata raba ikiwa imechoka.

Kuhusu gundi, kosa linalorudiwa zaidi ni kutumia supa glu. EPDM ina uso usiopenda kulowana, hivyo gundi nyingi hujikusanya juu yake bila kushika, na supa glu ikikauka huwa ngumu kama kioo, ikavunjika mara tu raba inapobonyezwa. Isitoshe, raba hubanduliwa kwa kuchubuliwa kuanzia ukingoni, namna ambayo nguvu yote huelekezwa kwenye mstari mmoja mwembamba, na gundi inayostahimili hali hiyo ni ile inayobaki laini. Gundi nzito ya mafundi viatu hufaa zaidi, ilimradi mabaki ya zamani yaondolewe, nyuso zote mbili zisafishwe kwa spiriti na kukwaruzwa kidogo, na gundi iachwe hadi iwe ya kunata tu ndipo zibanwe. Anayepaka dizeli, mafuta ya taa au grisi ili mpira ung'ae huuharibu, kwa sababu mafuta ya petroli huingia kati ya minyororo ya EPDM, yakaivimbisha na kuilegeza. Kilainishi cha silikoni hakifanyi hivyo.

Sanrufu, yaani kidirisha cha kioo kilichowekwa katika paa, inahitaji kuangaliwa peke yake, kwa maana hapo raba hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Watengenezaji hawakutegemea raba ya sanrufu izuie maji yote. Chini ya kioo kuna mfereji unaopokea maji yanayopenya, na kwa kawaida kuna mirija minne katika pembe zake inayoyashusha ndani ya nguzo za bodi hadi chini ya gari. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi la Songwe hujaa katika mfereji huo, mvua za Novemba huligeuza tope, mirija huziba, na maji yakikosa njia hufurika juu ya kitambaa cha dari. Kuongeza gundi kwenye raba hakutasaidia chochote. Kinachotakiwa ni kumimina maji kidogo katika kila pembe na kutazama kama yanatoka chini, na pale yasipotoka, kupitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki taratibu. Upepo mkali wa kompresa huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na hapo kazi huwa kubwa. Milango nayo hujengwa kwa fikra hiyo hiyo: maji hushuka kando ya kioo hadi ndani ya mlango na kutoka kwa vitundu vya chini, huku karatasi ya plastiki iliyogundishwa nyuma ya pambo la ndani ikiyazuia yasiingie kwa abiria. Fundi wa redio au wa kioo akiichana karatasi hiyo na kuiacha hivyo, kapeti italowa hata kama raba ni mpya.

Kati ya raba zote, ya mlango wa nyuma ndiyo isiyovumilia kuahirishwa. Wingu lile lile linaloingiza vumbi huweza kuingiza moshi wa ekzosi, na ndani yake kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wanaokaa nyuma kabisa katika magari aina ya Noah na Hiace, mara nyingi watoto, ndio huivuta kwanza, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu chao huchukuliwa kuwa uchovu wa safari. Kipimo cha raba hiyo ni rahisi: kipande cha karatasi hubanwa na mlango kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka fremu, kisha huvutwa, na pale kinapotoka bila ukinzani wowote raba haizibi tena, hivyo ibadilishwe pamoja na kukaguliwa kwa bomba la ekzosi kabla gari halijapakia watu.