Kupasua imbwa jike isizae tena: bei inatoka wapi?



Kila tunapopita ku koperative kwa ajili ya mbuzi na kuku, kuna mutu anatuuliza: «Kupasua imbwa jike ni makuta ngapi?» Akisikia bei anashituka, kwani imbwa yenyewe alipewa bure na jirani. Basi tuelezane.

Dume inatolewa mapumbu, na kazi ni fupi. Kwa jike, veterineri anafungua tumbo na kutoa kizazi pamoja na vifuko vya mayai. Ndiyo maana jike inaomba makuta mengi kuliko dume. Unalipia:

- dawa ya kulalisha: inapimwa kwa kilo, imbwa kubwa inatumia nyingi;
- uzi, glovu na vyombo safi;
- dawa ya maumivu na ya kuzuia kidonda kisioze;
- safari ya veterineri.

Mutu akikuahidia bei ya chini sana, muulize kwanza: dawa ya kulalisha iko? Imbwa iliyofungwa kamba na kupasuliwa macho wazi inateseka bure, na inaweza kufa kwa damu ao kwa kidonda. Hapo umepoteza makuta na imbwa pia.

Na ukiiacha izae? Mimba ya imbwa ni siku karibu 63. Jike inaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, mara nyingi watoto 4 mpaka 8. Hesabu unga wa kuwalisha! Wanaokosa mwenyewe tunawaonaka barabarani, wanaiba mayai, wanakamata kuku na vitoto vya mbuzi. Na hakuna aliyewachanja. Kichaa cha imbwa kikishaonyesha dalili kwa mutu, karibu hakuna anayepona.

Bei inaweza kushuka tukiungana. Tuseme pikipiki ya veterineri ni franka 40 000. Imbwa moja inabeba yote. Imbwa 10 siku ileile, kila mwenyewe analipa 4 000. Andikisheni majina kwa komite, chagueni siku, kila mutu aweke kidogo kidogo. Siku hiyo ombeni na chanjo ya kichaa, kwani kupasuliwa hakuzuii kichaa.

Muulizeni veterineri saa ya kusimamisha chakula mbele ya kazi. Kisha imbwa ilale pahali pakavu, isilambe kidonda. Nyuzi zinatolewa kisha siku 10 mpaka 14.

Makuta bado haijatosha? Anza na chanjo. Jike ikitoka damu na madume kuifuata, ifungie ndani juma tatu.

Na mutoto akiumwa na imbwa, musingoje: osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, mumupeleke kituo cha afya siku ileile.