Ombolezo la Nchi na Haki ya Jirani

Uharibifu wa mazingira na haki za binadamu hufundishwa mara nyingi kama mada mbili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ushairi wa lugha ya nyumbani huziona kuwa kilio kimoja, na kwamba Maandiko Matakatifu yanaukubali mtazamo huo.

Nabii Hosea, katika sura ya 4, anashitaki uuaji, wizi na uongo wa Israeli; kisha, pasipo kubadili hoja, anaeleza jinsi nchi inavyoomboleza na samaki wanavyotoweka. Kwake, amdhulumuye jirani ameijeruhi na nchi.

Ndivyo lilivyo pia shairi mashuhuri la Kiayalandi, "Cill Chais". Linaomboleza msitu uliokatwa, na papo hapo linaomboleza nyumba iliyowahifadhi Wakatoliki walipobanwa na sheria za watawala. Miti na kimbilio vimepotea pamoja.

Sisi wa Kagera tunalo ziwa. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na baadaye aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vya samaki vilipoenea katika miaka ya 1990, minofu ilisafirishwa ng'ambo, na maskini wengi wa kandokando ya ziwa wakaachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hatukatai kwamba sangara ameleta ajira na fedha. Lakini mbele ya Hosea hatuna budi kuuliza: jirani wa ziwa amepata fungu gani?

Kilio hiki chahitaji sauti. Wahaya wanayo enanga, chombo cha nyuzi ambacho mwimbaji hukipiga akisimulia mashujaa, na pia Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba katika imani ya kale. Profesa M. M. Mulokozi amezichunguza simulizi hizo na kuonyesha kuwa ni tendi kamili. Wako Wakristo wanaoiogopa enanga kwa ajili ya asili yake. Sisi twaamini kwamba mtu hahitaji kumwabudu Mugasha ili aliombolezee ziwa aliloliumba Mungu.

Mwaka 1977, huko Dar es Salaam, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, na likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani. Basi, ziwa na fungu la maskini navyo visihesabiwe kuwa mambo ya nje ya imani. Watunzi wetu na watunge; sharika na ziimbe.