Mashine ya Pwani katika Hewa ya Rungwe

Katika kijiji cha Ikama, wilayani Rungwe, chini ya Mlima Kyejo, hewa ukaa haitengenezwi. Inatoka ardhini yenyewe. TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, ina kiwanda hapo cha kuikusanya, kuisafisha na kuigandamiza mpaka iwe kimiminika, kisha inakwenda kutia mapovu kwenye soda na bia. Kyejo ni volkano. Lava yake ya mwisho ilimwagika takriban miaka 200 iliyopita, lakini gesi haijaacha kupanda, na wanasayansi waliochunguza heliamu inayotoka pamoja nayo wameona kwamba sehemu yake inatoka chini kabisa, katika matabaka ya moto yaliyo chini ya gamba la dunia.

Habari hiyo inamhusu sana mkulima wa Masukulu anayetaka kuotesha uyoga ndani ya chumba na amenunua kidhibiti cha hewa ukaa cha kuwasha na kuzima feni. Vidhibiti vingi vya bei nafuu vilivyoko sokoni vinatoka kiwandani vikiwa na imani mbili: kwamba viko karibu na usawa wa bahari, na kwamba hewa ya nje ni safi, yenye hewa ukaa kama sehemu 400 katika kila sehemu milioni ya hewa, kipimo ambacho mashine hukiandika ppm. Rungwe inazikataa imani zote mbili.

Uyoga hupumua kama mtu: unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Nyuzi zake zinaposambaa ndani ya mifuko ya majani ya migomba au mabua, hazijali chumba kizito. Mambo hubadilika vichwa vinapoanza kuchomoza. Uyoga wa mamama ukikaa kwenye hewa iliyopita ppm 1,000 kwa kiasi kikubwa, shina hurefuka na kofia hubaki ndogo kama kifungo cha shati, na mnunuzi sokoni anataka kofia. Hapo ndipo feni inapohitajika, na si kila saa, maana feni ikizunguka mchana kutwa chumba hukauka na vichwa vichanga hupasuka. Kidhibiti kinatafuta njia ya katikati: hewa ukaa ikifika, tuseme, 1,000 feni inawaka; ikishuka hadi 800 inazima.

Wapo wanaokitumia kinyume, kuongeza hewa ukaa badala ya kuipunguza. Shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, lilipasha joto mabanda yake kwa kisima cha jotoardhi na kuyalisha maua gesi iliyotoka kwenye kisima hicho hicho. Mimea mingi hukua haraka zaidi hewa ukaa inapofikia 1,000 hadi 1,200, ilimradi mwanga, maji na mbolea vinatosha. Lakini banda likiwa wazi pembeni, kama yalivyo mengi ya nyanda za juu kusini, kuongeza gesi ni kuutajirisha upepo.

Kosa la kwanza la mashine linatokana na namna inavyopima. Ndani ya kihisi, yaani sehemu ya kidhibiti inayopima hewa, kuna kijitaa cha mwanga usioonekana, na upande wa pili kuna jicho linalosubiri mwanga huo. Molekuli za hewa ukaa hufyonza mwanga wa urefu wa wimbi wa mikromita 4.26; zikiwa nyingi njiani, mwanga unaofika kwenye jicho hupungua. Kwa maneno mengine, kihisi kinahesabu molekuli zilizomo kwenye kijisanduku chake. Hakijui ni sehemu ngapi kwa milioni; kinakisia tu, kwa kuamini kwamba mgandamizo wa hewa ni ule wa pwani.

Mji wa Tukuyu, huko huko Rungwe, uko juu ya bahari kwa mita 1,500 hadi 1,600. Mgandamizo wa hewa huko ni kama hektopaskali 840, wakati Dar es Salaam ni karibu 1,013. Hewa ni nyepesi, molekuli za kila gesi ni chache kwa lita, na mashine inasoma pungufu kwa takriban asilimia 17. Baadhi ya watengenezaji hutaja upungufu mkubwa zaidi, kwa sababu mgandamizo unapopungua hata ufyonzaji wenyewe wa mwanga hubadilika. Kwa hesabu ya asilimia 17, chumba chenye 1,000 kinaonyesha 830, na feni iliyoamriwa kuwaka kwenye 1,000 inasubiri mpaka hewa halisi ifike 1,200. Mkulima anailaumu mbegu.

Fundi wa haraka atasema dawa ni kuitoa mashine nje na kuiambia kwamba hapo ni 425, ambacho ndicho kiwango cha hewa ya dunia kwa miaka hii. Dawa hiyo inatibu nusu ya ugonjwa. Nje mashine ilikuwa inasoma kama 350. Mashine nyingi zitaongeza 75 kwenye kila kipimo, basi. Kwenye chumba chenye 1,000 itasoma 905. Kosa lililofichwa kwenye namba za chini limebaki kwenye namba za juu, palepale mkulima anapohitaji namba sahihi. Kinachotakiwa ni kwanza kuingiza mwinuko wa mahali kwenye mipangilio ya kifaa, kisha ndipo hewa ya nje itumike. Mwinuko unapatikana kwenye simu yenye ramani, na ni vyema usomwe mlangoni pa chumba chenyewe, kwa kuwa wilaya ya Rungwe ina miteremko mikali na namba ya Tukuyu mjini haifai kila kijiji.

Hewa ya nje nayo ina mambo yake. Charles David Keeling alipoanza kupima hewa ukaa ya dunia mwaka 1958, kituo chake kilikuwa juu ya Mauna Loa, Hawaii, mlima ambao nao ni volkano hai. Vipimo vya mwanzo vilikuwa karibu 315. Upepo ulipoleta gesi ya matundu ya mlima, namba zilipanda na kuyumba, na vipimo hivyo vilitupwa. Vilivyohesabiwa ni vya saa ambazo hewa ilitulia kwenye kiwango kimoja. Mkulima wa Rungwe anahitaji ukali huo huo. Gesi ya volkano ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo hulala mabondeni. Hata pasipo volkano, alfajiri tulivu ndani ya shamba la migomba inaweza kuwa na zaidi ya 500, maana usiku mimea na udongo vimepumua bila upepo wa kuisambaza hewa hiyo. Mahali pa kuhakikia kipimo ni mgongo wa kilima, saa za mchana, upepo ukivuma, mbali na jiko la kuni na barabara. Kifaa kiachwe kwa dakika 20 na mtu akae mbali upande upepo unakoelekea, kwa sababu pumzi ya binadamu ina hewa ukaa kama 40,000.

Adui mjanja kuliko wote ni kujisawazisha. Vihisi vingi hujirekebisha vyenyewe: hutafuta kipimo cha chini kabisa cha kipindi fulani na kukiita 400. MH-Z19 ya Winsen, kihisi cha bei nafuu kinachopendwa na mafundi chipukizi, hufanya hivyo kila saa 24; vingine huchukua wiki moja hivi. Ofisini ni jambo jema, kwa kuwa usiku watu huondoka na hewa hurudi kuwa safi. Chumba cha uyoga hakifungi ofisi. Kama usiku kucha hakijashuka chini ya 700, kihisi kitaamua kwamba 700 hiyo ndiyo 400, na kuanzia asubuhi kila namba itakuwa pungufu kwa 300. Feni ikichelewa kuwaka kwa sababu hiyo na hewa ya usiku ikawa nzito zaidi, kesho yake kinapunguza tena. Programu hiyo izimwe kabla kifaa hakijatundikwa ukutani.

Jaribio la kuonyesha kama yote yamekaa sawa linafanyika kwa simtanki tupu la lita 500, kavu, lenye kihisi na kifeni cha kompyuta ndani. Gramu 1 ya soda ya unga ya kuumulia maandazi, ikipimwa kwa mizani ya sonara, inawekwa kwenye kikombe. Siki ya kutosha inamiminwa na mdomo wa tanki unafungwa mara moja kwa nailoni na gundi ya utepe. Kwa mgandamizo wa Tukuyu na joto la nyuzi 20, hewa ukaa itakayotoka inapandisha kipimo kwa takriban 690. Cha kutazama ni ongezeko, wala si namba ya mwisho. Likiwa karibu na 690, mwinuko umeingia vizuri. Likiwa 570, mashine bado inaamini iko Tanga. Jaribio hili ni la kukagua tu. Anayetaka cheti atahitaji mtungi wa gesi yenye kipimo kinachojulikana na maabara ya ugezi.

Anayepanga kuleta gesi chumbani badala ya kuitoa anastahili maneno makali zaidi. Mfanyakazi hatakiwi kukaa saa nane kwenye hewa iliyozidi wastani wa ppm 5,000, na 40,000 ni hatari kwa uhai papo hapo. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotoa gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu takriban 1,700 walikufa bila moto wala kishindo cha lava. Huko Goma mashimo ya gesi ya aina hiyo, yanayoitwa mazuku, yameua watu na mifugo. Kuvuta bomba kutoka kwenye tundu la ardhini hadi bandani, kama wengine wanavyoota, si kilimo. Kengele ya tahadhari iwe kwenye kihisi cha pili, kilichofungwa chini karibu na sakafu, kisichotegemea kile kinachoendesha feni.

Mnunuzi aulize maswali mawili dukani: je, mwinuko unaingizwa wapi, na kujisawazisha kunazimwaje? Muuzaji asiyeweza kuonyesha yote mawili kwenye skrini, kifaa kikiwa kimewashwa, abaki na mashine yake. Haifai Rungwe.