Mlango wa nyuma kwenye kompyuta ya nyumbani: Kagua kabla ya kumgombeza mtoto

Mbeya. Iyunga ni eneo la wanafunzi. Wapo wa Shule ya Sekondari Iyunga na wapo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Asubuhi flashi inapita steshenari kuchapisha kazi ya darasani, mchana inaazimwa na rafiki mwenye tamthilia mpya, na jioni inachomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ambayo baba anafungulia barua pepe za kazini na mama anatunzia hesabu za duka.

Mlango wa mbele wa kompyuta hiyo una kufuli, yaani nywila. Wengi husahau mlango wa uani.

Mafundi huita mlango wa nyuma ile programu hasidi inayompa mtu wa mbali uwezo wa kuiendesha kompyuta bila mwenyewe kujua. Mtu huyo anaweza kusoma mafaili, kuona kinachochapwa, hata kuwasha kamera.

Unaingiaje?

Mara nyingi huingizwa na mtu wa ndani asiye na nia mbaya. Mwanafunzi anahitaji programu ya kuchorea, bei haiwezekani, anaambiwa ipo ya bure iliyovunjwa kufuli, maarufu kama kreki. Maelekezo yake huanza na sharti moja: zima antivairasi kwanza. Mlinzi anaondolewa getini kabla mgeni hajafika. Programu inafanya kazi vizuri, hivyo hakuna anayeshtuka.

Njia nyingine ni viambatisho vya barua pepe, magemu ya kupakua ovyo, na faili la kwenye flashi lililovikwa alama ya folda.

Ikishaingia, hujipanga iwake kila kompyuta inapowashwa, kisha huwasiliana yenyewe na bwana wake kupitia intaneti. Kwa kuwa mawasiliano yanaanzia ndani, kinga ya kuzuia wanaotoka nje inaweza kuyaacha yapite.

Usikimbilie lawama

Mwaka 1999, mtafiti wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alipoteza kazi baada ya picha chafu za watoto kukutwa kwenye kompyuta yake ya ofisini. Mahakama ilimwondolea hatia mwaka 2004, ikibaini kuwa programu ya mlango wa nyuma iitwayo NetBus ilikuwa imetumika. Mzazi anayekuta jambo la aibu kwenye kompyuta ya mtoto ana sababu ya kukagua kwanza.

Dalili ni kama antivairasi kujizima, bando kuisha haraka, taa ya kamera kuwaka bila sababu, au marafiki kupokea ujumbe ambao hukuutuma.

Namna ya kuuondoa

1. Kata intaneti. Zima Wi-Fi au hotspoti, na mtu wa mbali anakatika hapo hapo.

2. Badilisha nywila ukitumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama. Anza na barua pepe, kisha benki. Kubadilishia kwenye kompyuta iliyoambukizwa ni kumkabidhi mwizi funguo mpya.

3. Chunguza. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender bila malipo. Hifadhi kazi zako, fungua Windows Security, kisha chagua uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta hujiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijafunguka, hivyo programu hasidi hukosa pa kujificha. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 15.

4. Futa kreki iliyouleta, kisha fanya uchunguzi kamili mara nyingine.

5. Dalili zikirudi, nakili picha na nyaraka tu, acha programu, halafu piga Windows upya kwa kufuta diski yote. Muulize fundi Windows hiyo kaitoa wapi. Anayepiga Windows ya kreki anaziba mlango mmoja na kufungua mwingine.

Fedha zikiwa zimeibwa, toa taarifa benki na polisi mapema. Kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kinga

Wengi huzima masasisho ili kuokoa bando, lakini ndiyo yanayoziba nyufa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, hivyo mwenye kompyuta inayoweza kubeba Windows 11 ahamie huko. Mtoto afunguliwe akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kubadilisha mfumo.

Programu halali za bure pia zipo. LibreOffice huandika na kupiga hesabu, na kampuni inayotengeneza AutoCAD huwapa bure wanafunzi waliothibitishwa.

Kinga nyingine ni ya mdomo. Mtoto anayejua atachapwa kwa kupakua kitu kibaya atanyamaza, na mlango utabaki wazi kwa miezi. Anayejua atasikilizwa atasema siku hiyo hiyo, kabla mwizi hajamaliza kuzunguka vyumba.